Kuzunguka Achill Mara Mbili na Mama Mkwe Kiti cha Nyuma

Tangu nirudi, kila nikishuka garini pale kanisani kuna mtu ananidaka: "Ayalandi kulikuwaje? Picha ziko wapi?" Kazini ni hivyo hivyo. Juzi nimesimamishwa nikiwa juu ya forklifti, mzigo umening'inia hewani, mtu anataka kujua kama kweli kule majani ni ya kijani kiasi kile. Ndiyo, ni ya kijani. Nimechoka kujibu kidogo kidogo, kwa hiyo naandika yote hapa, msome, mniache nifanye kazi. Picha sina, mikono yangu yote miwili ilikuwa kwenye usukani.

Newburg mpaka Columbus

Nianze na sababu, kwa wasiotujua vizuri. Mke wangu Neema ana mdogo wake wa mwisho, Furaha, aliyekuwa akiishi na mama yao Buffalo. Hapo Buffalo Furaha akakutana na Patrick, kijana wa Ayalandi aliyekuja kufanya kazi ya kuezeka mapaa. Baba yake Patrick alipougua, kijana akarudi kwao, kisiwa cha Achill, kutunza kondoo wa mzee, na Furaha akamfuata. Wazee hawakukaa, mahari haikutajwa, hakuna aliyetumwa kwa mwingine. Mama mkwe wangu alimpigia binti yake simu, binti akiwa tayari uwanja wa ndege, akamwambia, "Ukivuka bahari na ule muntu, usinihesabu." Furaha akavuka. Hawakusemeshana tena.

Mwaka huu Furaha amejifungua, na Mama akaipata habari kwa Neema, si kwa mwenyewe. Siku kadhaa zikapita. Halafu akatangaza kwamba anakwenda kumchukua mtoto wake na mjukuu wake, awarudishe Buffalo, na kwamba ole wake atakayempigia Furaha simu kumwambia tunakuja. Mzazi, alisema, haombi ruhusa ya kuingia kwa mtoto wake. Sote tulijua hatari iliyokuwepo: Mama avuke bahari yote ile, afike getini, halafu Furaha akatae kumfungulia. Hapo basi, ingekuwa imekwisha kati yao.

Nani ampeleke? Neema hakupata likizo. Wakanitazama mimi. "Wewe umekulia Tanzania," walisema, "na kule wanaendesha kushoto kama Ayalandi." Jamani, nimekulia kambi ya wakimbizi Kigoma! Kitu pekee nilichowahi kuendesha upande wa kushoto ni baiskeli, tena ya kukodi. Lakini aliyetoa wazo hilo alikuwa Mama mwenyewe, na mama mkwe haambiwi hapana.

Hapo ndipo penye shida yangu yote. Wengi wenu vijana mmeziacha hizi taratibu, mnakaa sofa moja na mama wakwe zenu mkitazama mpira. Mama mkwe wangu hajaacha hata moja. Sili mbele yake. Simtazami usoni. Sikai karibu naye, na hatusemeshani moja kwa moja. Neno lake linanifikia kupitia kwa mtu wa katikati, na langu linarudi njia hiyo hiyo. Tumeishi hivyo tangu nimwoe Neema, na tumeelewana vizuri kabisa, kwa sababu yeye yuko Buffalo na mimi niko Newburg, Louisville. Sasa tukawekwe ndani ya gari moja.

Mtu wa katikati alikuwa shemeji yangu Bahati, kaka yao kina Neema, anayeishi Columbus. Nilimwambia awe tayari saa ya chakula cha mchana. Nilipofika, baada ya foleni ya kukaanga roho pale Cincinnati, Bahati alikuwa kwa kinyozi. Alipotoka kwa kinyozi akakumbuka kwamba viatu vyake vya safari ameviazimisha. Tulivifuata viatu. Mwenye kuazima akasema hatuwezi kuja kwake tukaondoka bila kula, na mkewe akaanza kusonga bugali hapo hapo. Nilikula huku natazama saa ya ukutani, na kila nikimkonyeza Bahati, yeye anaomba kuongezewa mchuzi.

Columbus mpaka Buffalo

Bahati ana kipaji kimoja, usingizi. Alilala kabla hatujatoka mjini, akaamka Erie kuuliza kama kuna kitu cha kutafuna, akalala tena. Niliendesha peke yangu kando ya lile ziwa, nikapita Lackawanna mvua ikinyesha, nikafika Riverside mgongo umekakamaa.

Nyumba ya Mama ilikuwa imejaa wamama wa kanisa waliokuja kuiombea safari. Waliiombea sana. Waliombea ndege, rubani, matairi ya ndege, na mmoja akaombea bahari yenyewe itulie, kana kwamba tunapita chini. Mimi nilishushwa kwenye chumba cha chini, penye mashine ya kufulia, nikaletewa sahani yangu ya wali na maharage, nikala peke yangu nikitazama soksi za watu. Sikuudhika kwa hilo, ndiyo heshima ninayopewa. Niliudhika kwamba kesho yake ingekuwa ndani ya ndege, na ndege haina chumba cha kufulia.

Angani, na habari ya sombe

Tulipangiwa viti vitatu kwa safu. Bahati katikati, kama ilivyopaswa. Chakula kilipoletwa, Mama akamnong'oneza Bahati, Bahati akaniambia, "Mama anauliza, utakulia wapi?" Nikainuka na sinia yangu, nikaenda kusimama karibu na choo. Mhudumu akaniambia nirudi nikae. Nikamweleza kwamba pale kuna mama mkwe wangu. Akanitazama kwa huruma nyingi, akasema hata yeye wake ni mgumu, lakini lazima nikae. Nilirudi na chakula kimefunikwa, sikukigusa mpaka kilipochukuliwa.

Tulipotua Ayalandi, afisa wa forodha akaomba kufungua sanduku la Mama. Lilikuwa limejaa sombe, yaani kisamvu, iliyogandishwa, ndagala wakavu na unga wa muhogo. Nguo zake alikuwa amezivaa zote. Afisa akatoa ile sombe, ambayo sasa ilianza kuyeyuka na kutoa maji ya kijani, akasema majani hayaingii nchini. Akainusa mifuko ya ndagala, akakunja uso, akasema samaki hao wapite.

"Mwambie," Mama akamwambia Bahati, "hii haiko majani. Hii ni chakula ya muntu mwenye kuzaa. Inamuletea maziwa."

Bahati akatafsiri. Afisa akasema pole, na akaonekana kweli anasikitika, lakini sombe ikaingia kwenye pipa. Mama akalitazama lile pipa. Aligeuka kulitazama tena na tena mpaka tulipotoka nje.

Kuelekea darajani

Gari tulilokodi lilikuwa dogo mno. Usukani uko kulia. Mama akakataa kukaa nyuma kushoto, kwa sababu akiwa hapo ataniona shavu nami nitamwona kwa pembe ya jicho. Akakaa nyuma yangu kabisa, magoti yake yakiusukuma mgongo wa kiti changu. Bahati akakaa mbele kushoto. Tukafungua joto kwa sababu ya baridi, na ndagala wakaanza kunuka.

Sitasimulia barabara zote. Niseme tu kwamba barabara za huko zimejengwa na watu wasiotegemea kwamba magari mawili yatakutana. Kila nikiona lori mbele, nilijibana kwenye ukuta wa mawe mpaka kioo cha upande wa Bahati kikakunjika chenyewe. Na nyuma sauti haikukoma.

"Bahati, mwambie anatembeza mbio."

"Mama anasema punguza mwendo."

"Mwambie Mama gari limesimama."

"Mama, anasema gari imesimama."

"Bon. Asimame muzuri basi."

Halafu mvua. Inanyesha, inaacha, jua linatoka, unashusha kioo, inakupiga usoni. Bahati alisema Mungu wa huko anachezea swichi.

Kabla ya daraja la kuingia kisiwani kuna mji mdogo, na njaa ilikuwa imenishika vibaya. Mama na Bahati wakaingia kwenye mgahawa. Mimi nikabaki garini na ndagala, nikisubiri Bahati aniletee chochote. Niliwaona dirishani wakila samaki na chipsi kwa raha zao. Baadaye mlango ukafunguliwa, akatoka mama mwenye mgahawa mwenyewe, aproni kiunoni, mvua inampiga, mkononi bakuli la supu na mkate mkubwa wa kahawia. Akanigongea kioo. Alizungumza haraka mno, Kiingereza changu cha Kentucky kikaachwa njiani, lakini nilishika la msingi: alinidhania dereva anayenyanyaswa. Akaniuliza kama nimelipwa. Akaniuliza kama pasipoti yangu ninayo mimi au wanayo wao. Nikamwambia yule mama ndani ni mama mkwe wangu na ninabaki nje kwa heshima yake. Akasema, kama nilimsikia vizuri, angelipa ili mkwe wake naye awe na heshima hiyo.

Supu ilikuwa nzuri. Ndiyo chakula pekee nilichokifaidi safari nzima.

Yeye pia ndiye aliyetuelekeza. Bahati alimtajia Furaha, na uso wa yule mama ukafunguka. Furaha! Anafanya kazi kwenye nyumba ya wazee, ndiye anayemhudumia mama mzazi wa huyu mwenye mgahawa, hakuna mwingine ambaye bibi huyo anamkubali amchane nywele. Bahati akamtafsiria Mama yote hayo. Mama akasema "hm," akafunga mfuko wake. Nyumba ya Patrick? Rahisi tu: vuka daraja, kata kushoto, shika barabara ya pwani, bahari iwe kushoto kwako muda wote, ukiona nyumba nyeupe yenye geti jekundu umefika. Huwezi kuipita.

Mzunguko wa kwanza

Sasa mnaoniuliza kuhusu uzuri wa pwani, hapa ndipo mahali pake, na nitawaambia nilichokiona: lami, kwa upana wa meza. Kushoto kuna ukingo, na chini ya ukingo bahari inayojipiga mawe kwa hasira. Hakuna ukuta. Kulia mlima, na mlimani kondoo waliopakwa rangi ya buluu matakoni, alama ya mwenye mali. Watu hulipa kuja kuitazama njia ile. Tulipita mnara wa mawe wa zamani, watalii wawili wamesimama mbele yake wakijipiga picha kwenye mvua, wakanipungia mkono. Sikuweza kupunga.

Bahati, ambaye alikaa upande wa ukingo, alisema mara moja tu, "Shemeji, nimeliona jiwe likianguka baharini na lilikuwa chini ya tairi letu." Kisha akameza vidonge viwili vya kuzuia kichefuchefu. Pakiti ilisema kimoja. Kona ya tatu baada ya hapo alikuwa amelala mdomo wazi.

Mnanielewa? Mtu wa katikati amelala. Nilimpiga kiwiko, nikamwita, nikapiga honi, wapi. Nyuma yangu palikuwa kimya. Magoti ya Mama yalikuwa yanaubana mgongo wangu, nasikia anavyohema, na hatuwezi kuulizana hata "umeiona?" Nilijua yeye ndiye anayeziona nyumba vizuri, kwa sababu zote zilikuwa upande wake. Mimi nikigeuza shingo kulia kidogo tu, gari linaelekea kwa samaki. Nikajiambia akiliona geti jekundu atagonga kiti, atakohoa, atamwamsha mwanawe kwa kofi. Nikaendelea.

Tulipanda mpaka juu kabisa, upepo ukilitikisa gari, tukashuka kijiji cha upande wa pili, tukakata katikati ya tambarare yenye maji na majani ya kahawia, na mara naona daraja. Lile lile. Tumezunguka kote na hatukusimama popote. Nilisimamisha gari kando, nikaweka kichwa kwenye usukani, na nakiri nilisema maneno ya Kirundi ambayo nilimshukuru Mungu kwamba Mama hayajui. Nyumba nyeupe yenye geti jekundu, huwezi kuipita! Kila nyumba ya kisiwa kile ni nyeupe. Nilimtikisa Bahati. Akafungua jicho moja, akasema "tumefika?", akalifunga.

Nilisikia tu Mama akifungua mfuko wake na kuufunga, akiufungua na kuufunga.

Nikakata kushoto tena.

Mzunguko wa pili

Watalii walikuwa bado mnarani. Walipotuona tunarudi walipunga kwa nguvu zaidi, nadhani walifikiri tumeipenda.

Mwendo kidogo mbele ya hapo kondoo walikuwa wamejaa barabarani. Wengine wamelala kwenye lami kama wako kwao, na kweli wako kwao. Nikapiga honi. Mmoja akainuka, akanitazama, akalala upande mwingine. Nikazima injini kwa hasira, na upepo ukawa ndio kitu pekee kinachosikika. Ndipo nikageuka kulia, kwa kuwa sasa gari limesimama, na nikaona nyumba nyeupe, na geti, na geti ni jekundu. Kwenye kamba ya nguo, kati ya masuruali ya Patrick, kulikuwa na kitenge kinapepea. Mtu mwenye macho angeiona nyumba ile kutoka Columbus.

Nilipandwa na hasira ya ajabu. Mama alikuwa upande ule ule mara ya kwanza. Kitenge kile kile kilikuwa pale. Kwa hiyo kwa ajili ya taratibu za ukwe alikubali anizungushe tena kwenye ukingo wa mauti? Nikamshika Bahati bega nimwamshe kwa nguvu.

"Mukwe."

Mkono wangu uliganda begani kwa Bahati. Hajawahi kuniita. Miaka yote hiyo, harusi, misiba, watoto wangu watatu kuzaliwa, hajawahi.

"Mukwe, umuache alale," alisema. "Hii nyumba niliiona mara ya kwanza."

Nikasema, "Ndiyo, Mama."

"Niliiona na nikanyamaza. Si juu ya ukwe. Minaogopa." Nikasikia mfuko wake ukifunguliwa. "Nilimuambia asinihesabu. Donc, kama hanihesabu, niingie humo kama nani?"

Hasira yote iliniisha, nikabaki na aibu ya kuwa nimemkasirikia. Nilitazama mbele, kwa kondoo, kwa sababu nilimsikia analia na sikutaka aone kwamba nasikia. Nikamwambia, "Mama, nikiambiwa nizunguke tena, nitazunguka." Nilimaanisha kabisa, na njia ile naichukia mpaka leo.

Mlango wa nyumba ulifunguliwa.

Furaha alitoka na gumbuti za mtu mwingine miguuni, mtoto kifuani, koti la Patrick limewafunika wote wawili. Alifungua geti, akapita katikati ya kondoo, na wale wajinga walimpisha mara moja. Alisimama hatua chache kutoka kwenye gari. Macho yake yalikuwa mekundu.

Mama akafungua mlango lakini hakushuka. Aliweka miguu chini, kwenye tope, akabaki amekaa.

"Nimewaona mkipita," Furaha alisema. Tangu shule ya Buffalo msichana yule alikuwa akimjibu mama yake kwa Kiingereza. Siku hiyo alisema Kiswahili. "Nilikuwa dirishani. Nikakuona kabisa, na wewe ukaniona, halafu gari likaenda. Nikasema, basi, amekuja mpaka hapa amekataa kushuka."

Mama akatikisa kichwa tu.

"Neema aliniambia mnakuja," Furaha akaendelea. Nikajua kwamba mke wangu alivunja amri, na nikampenda zaidi. "Aliniambia unakuja kunichukua. Mama, siendi. Nisikudanganye hapa barabarani. Mume wangu yuko mlimani, baba mkwe wangu hawezi kusimama mwenyewe, na mimi siendi. Kama umekuja kunichukua, mtazame mtoto halafu mrudi."

Bahati akaamka hapo hapo. Akatazama huku na huku, akaona dada yake, akafungua mdomo atafsiri kitu, nikamkanyaga mguu.

Mama aliinuka. Alikuwa mfupi sana pembeni ya gari lile, na nguo zake zote zile mwilini. Alifungua koti la Patrick kidogo, akamtazama mtoto usoni kwa muda mrefu, akamshika shingo, akapitisha kidole nyuma ya sikio lake.

"Hapa haujamuosha muzuri," alisema.

Furaha akaangua kilio. "Hakuna aliyenionyesha," alisema. "Namuogesha peke yangu, naogopa atateleza. Nilikuwa nakungoja wewe."

"Minajua," Mama alisema, akamtwaa mtoto mikononi mwake. "Weka maji kwa moto."